Mama anasema hakuja Ulaya kuangalia migomba

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijaiharibu siku ambayo nimeihangaikia kuliko nilivyohangaikia harusi yangu.

Naishi Barking, mashariki mwa London, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 10 na mwingine 7. Kazi yangu ni kutunza wazee, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku. Mama yangu yuko nasi tangu Julai. Ana miaka 71, hajawahi kupanda ndege kabla ya safari hii, na anarudi nyumbani Jumatatu ya mwisho wa Septemba. Likizo yangu niliimaliza mwezi wa nane. Imebaki Jumamosi moja tu ambayo sina zamu, ile ya mwisho kabisa, na nyumba nzima inaigombania.

Mimi nataka tumpeleke Kew, ile bustani kubwa ya mimea iliyoko kusini-magharibi mwa jiji. Nina daftari kabisa. Nimeandika treni: District iliyoandikwa Richmond, moja kwa moja kutoka Barking, hakuna kubadilisha, saa moja na dakika kidogo. Nimeandika tufike geti la Victoria saa nne asubuhi wanapofungua. Halafu Palm House, lile jumba la vioo na chuma lililokamilika mwaka 1848. Halafu nyumba ya mayungiyungi. Chakula tubebe chapati na maharage, maana migahawa ya mle ndani itatumaliza. Baada ya kula, watoto wapande ile njia ya juu ya miti, mita 18 kutoka ardhini, kisha mzinga mkubwa wa alumini unaowaka taa kwa kufuata nyuki, kisha Temperate House, jumba jingine la vioo, kisha tuuone mnara wa Kichina hata kwa mbali. Saa kumi tuwe njiani kurudi. Vyoo nimevizungushia kalamu nyekundu kwenye ramani.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula, nikamwonyesha mama picha za Palm House kwenye simu. Alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaivuta karibu.

“Huu si mgomba?”

“Ndiyo, mama.”

“Na huu mchikichi. Na huu kakao.”

“Ndiyo.”

Akanirudishia simu. “Mwanangu, nimeacha migomba yangu haijapaliwa, halafu nilipe kwenda kuangalia migomba ya Wazungu?”

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi sikucheka.

Anachotaka mama ni kwenda Reading, mji ulioko magharibi mwa London, kwa mjane wa marehemu mjomba. Tulishakwenda Agosti, tukalala siku mbili. Sasa shangazi yule (sisi tunamwita shangazi ingawa ni mke wa mjomba) anasema hawezi kumwacha wifi yake aondoke bila kumpikia chakula cha kumuaga. Mama ameshakubali moyoni. Nilipombana kidogo akasema, “Miti ipo hata kwetu. Watu ndio hawapo.”

Mume wangu yuko upande wa mama, kwa sababu za mfukoni. Tiketi ya mtu mzima ni zaidi ya pauni 20 majira haya, tuko watu wazima watatu, bado watoto. Mdogo wangu wa Tanga naye kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, kwamba namchosha mama, na hizo hela nimpe akaezeke jiko. Halafu kuna suala la goti. Nilimwambia mama kwamba pale kuna viti vya magurudumu vya kuazima bila malipo. Alinitazama tu. “Mimi si mgonjwa.” Hakuzungumza na mimi mpaka jioni.

Wa kuniunga mkono ni watoto tu, na hao wanataka mzinga.

Kinachonichoma ni kwamba mama si mtu wa kutopenda miti. Amezaliwa Amani, Usambara. Baba yake alikuwa kibarua kwenye vitalu vya miche pale Amani wakati wa Mwingereza, na mama alikua akimsikia mzee yule akiita miti kwa majina ya Kilatini, ameyapinda yakawa kama Kisambaa. Nikajua kama kuna mtu mmoja duniani atakayeipenda Kew, ni huyu.

Mama Mshauri, kuna jambo jingine, sijui hata kama linahusika. Baba alifariki Januari 2012. Mimi nilikuwa na miezi kumi tu hapa. Karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa, na ningetoka nisingeweza kurudi. Nyumbani niliwaambia kazini wamenikatalia likizo. Wiki ile ya mazishi nilikuwa nafanya usafi wa usiku kwenye maofisi upande wa Brentford, na mwenzangu mmoja alikuwa na tiketi ya Kew ambayo hakuwa na haja nayo. Nikaenda asubuhi nikiwa sijalala. Nje theluji. Nilipofungua mlango wa Palm House miwani yangu ikaingia ukungu nisione kitu, nikasikia tu harufu ya udongo uliolowa. Harufu ya nyumbani baada ya mvua. Nilikaa kando ya mti mmoja wa ajabu, umepandwa kwenye sanduku, shina lake limelala kama mnazi uliochoka na limeegemezwa kwenye vyuma. Pale ndipo nilipomlilia baba. Sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Nilitaka nikae na mama pale pale.

Sasa niahirishe? Nimlazimishe, nikijua akishafika atapenda? Au niende zangu Reading nikale wali, nimsindikize uwanja wa ndege, yaishe?

Binti wa Amani, Barking

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa zamu, na pole kwa msiba wa baba. Najua ni wa miaka mingi, lakini nadhani wewe ndiyo kwanza unaanza kupokea pole zake.

Ngoja nikurudishie ulichoniandikia, unisahihishe nikikosea. Una siku moja. Mama anaitaka kwa ajili ya wifi yake, mumeo anaitaka isiwe na gharama, watoto wanautaka mzinga. Wewe unaitaka kwa ajili ya bustani. Kisha, mwishoni kabisa, kama mtu anayeacha bahasha mezani huku ameshika kitasa cha mlango, unasema kuna “jambo jingine” ambalo hujui kama linahusika. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naona jambo hilo ndilo lililoandika daftari.

Nianze na mama. Wewe umesikia “sitaki”. Mimi kwenye maneno uliyonukuu sijaliona. Nimemwona mama aliyevaa miwani, akasogeza simu mbali na karibu, akautaja mgomba, mchikichi na kakao bila kuulizwa. Asiyejali huitazama picha mara moja, akasema “pazuri” na kurudisha simu. Mama yako alikuwa kazini pale, anakagua shamba la watu. Na neno lake la kupalilia ni la mkulima mwenye wasiwasi na shamba lake, limefika miezi mitatu halina mwenyewe. Pengine alikuwa anakuambia kwamba amekumbuka kwake.

Halafu wazazi wetu, unawajua. Hawasemi goti linauma, wanasema “kwani huko kuna nini cha kuona”. Hawasemi naogopa kubanwa na haja ndani ya treni kwa saa nzima, wanasema “hela hizo si mngefanyia jambo la maana”. Wewe unatunza wazee wa watu kila siku. Angekuwa mmoja wa wazee wa kazini kwako amekujibu vile, ungemwuliza nini? Nina hakika usingemwuliza kama anapenda migomba. Ungemwuliza jana amelalaje, na goti linamshika akipanda ngazi au akishuka. Hilo mama yako bado hajaulizwa. Ameonyeshwa picha, kisha akaonyeshwa kiti cha magurudumu.

Na picha yenyewe, mwanangu! Nyumba nzima ile imejaa mimea ya dunia, wewe ukachagua mgomba kumwonyesha mtu wa Amani.

Ule mti uliokaa kando yake, nadhani naujua. Kwa maelezo yako ya shina lililolala na kuegemezwa, huo ni mtapo (Waingereza huuita cycad), wa jamii inayoota Afrika Kusini. Ulichukuliwa huko na mkusanyaji mmoja aitwaye Francis Masson, ukafika Kew mwaka 1775, na haujawahi kutoka kwenye chombo chake mpaka leo isipokuwa kuhamishiwa kikubwa zaidi. Una uzito wa zaidi ya tani moja. Wenyewe wanausifu kuwa ndio mmea wa kwenye chungu ulioishi muda mrefu kuliko wote duniani. Mitapo ya kwetu, ndugu zake, inaota tangu misitu ya pwani mpaka miguuni mwa Usambara, na wazee wa zamani walijua kuloweka unga wake siku nyingi kutoa sumu ili watu wavuke njaa. Mama yako anaweza kuwa na maneno mengi juu ya mtapo kuliko kibao kilichobandikwa pale. Hukumwonyesha huo kwa sababu huo ulikuwa wako, umefichwa pamoja na msiba. Naelewa. Lakini usimlaumu kwa kutovutiwa na kitu ambacho hujamwonyesha.

Sasa Jumamosi yenyewe. Nitapita njia ninazoziona, na kila moja nitakuambia mahali inapoteleza.

Mkienda Kew, naogopa lile daftari. Bustani ile ina hekta zaidi ya 130. Ulichoandika ni siku ya kijana mwenye viatu vya mazoezi, na tena kijana asiye na njaa. Mtu wa goti angeingia geti la Victoria, akatembea dakika chache kufika Palm House, akakaa. Benchi zipo. Akitoka hapo, nyumba ya mayungiyungi iko jirani tu, ni ndogo, na ni mambo ya kuona kabla ya baridi maana huifunga majira hayo: majani ya duara mapana kupita meza yenu ya chakula, yanaelea. Basi. Mumeo achukue watoto awapeleke kwenye njia ya juu na mzinga, ninyi wawili mbaki na chapati zenu. Temperate House ni nzuri, lakini ni mwendo, iacheni iwepo. Mnara wa Kichina una ngazi 253. Kuutaja mbele ya mama ni uchokozi.

Mle ndani ya Palm House kuna joto la mvuke kama Tanga mwezi wa tatu, na nje Septemba huenda kuna upepo. Mama avae nguo za kupunguza. Zile ngazi za chuma za kuzunguka asipande. Kiti cha magurudumu kiazimeni kwa ajili ya mikoba, maji na makoti, kisukumwe kikiwa kimebeba mizigo, na mtu yeyote asimwambie mama akikalie. Ikifika saa saba mchana mtaona wenyewe mikoba inahamia wapi. Watoto wote wawili husafiri bure kwenye treni za London kwa umri wao wakiwa na mtu mzima, na tiketi za bustani ukinunua mapema mtandaoni huwa nafuu kuliko getini. Mwambie mumeo hayo kabla ya kumwambia kitu kingine chochote. Na mama mwambie mapema kwamba pale hakuchumwi hata jani. Mama zetu wana mkono mwepesi, unageuka tu, kipandikizi kimo ndani ya khanga.

Hatari ya njia hii haiko kwenye goti wala kwenye hela. Hatari ni kwamba atakuja kwa kukuridhisha, na wewe utashinda siku nzima unamchungulia usoni kuona kama ameguswa. Mtu akichunguliwa hivyo hawezi kuguswa na kitu. Mimi mwenyewe niliwahi kumpeleka mama mkwe kwenye ile bustani ya mimea ya Dar es Salaam, karibu na Makumbusho ya Taifa, nimejiandaa kumweleza habari za miti ya tangu Wajerumani. Alitazama tausi. Saa nzima, tausi tu. Nilirudi nimenuna, na yeye mpaka anafariki alikuwa akisimulia siku ile kwa furaha.

Mkienda Reading, mama atakuwa ametendewa haki katika jambo analolielewa: anayeondoka huagwa, na aliyefiwa hutazamwa. Ile kauli yake ya miti na watu si ya kubezwa. Huyo mjane ni wifi yake, na kwa umri wao hakuna anayeahidiana mara nyingine. Lakini je, wewe utaweza kula ule wali? Maana kuna kula, na kuna kukaa kwenye kochi la watu ukihesabu kwamba saa hizi tungekuwa kwenye mayungiyungi. Mama ataliona hilo kabla hujavua viatu.

Kuna njia ya tatu ambayo ninyi nyote mnaweza kuwa hamkuiona kwa sababu mmeigawa ramani kati ya “kwangu” na “kwao”. Treni za kutoka Reading kwenda Waterloo hupita Richmond, na kutoka Richmond mpaka Kew Gardens ni kituo kimoja tu. Shangazi anaweza kufika na sufuria lake la wali, mkakutana kwenye nyasi. Chakula cha kubeba kinaruhusiwa kule, moto ndio hauruhusiwi. Mama akaagwa humo humo. Hapo nako kuna miiba yake. Shangazi anaweza kuona umemnyang'anya heshima ya kupokea mgeni nyumbani kwake, kwa hiyo ombi hilo litoke kwa mama, lisitoke kwako. Tiketi inaongezeka moja. Na kukiwa na watu sita na sufuria, hakuna mahali pa kumwambia mama jambo la faragha.

Hapo ndipo tunapofika kwenye bahasha.

Miaka mingi imepita tangu useme wamekukatalia likizo. Sikuhukumu, ulikuwa peke yako kwenye baridi na ukasema neno lililokuwa karibu. Lakini fikiri neno lile lilimfanyia kazi gani mama. Siku ya mazishi watu walimwuliza binti yuko wapi, na yeye alikuwa na jibu la kusimama nalo: mwanangu yuko kazini, Wazungu wamemkatalia. Amelitumia jibu hilo kwa majirani, kwa mawifi, pengine hata kwa nafsi yake usiku. Ukimpa ukweli sasa, unabadilisha na hadithi yake, si yako tu. Inaweza kumpa nafuu, akajua kwamba hukuja kwa sababu ulifungiwa, na kwamba ulilia. Inaweza pia kumpa uchungu mpya, kwamba ulipata shida ile yote na hakuwepo hata wa kukupa kikombe cha chai. Siku mbili baadaye anapanda ndege na kukaa nao masaa yote yale peke yake, halafu anafika nyumbani ambako kaburi lipo.

Kwa hiyo nakuuliza, na usinijibu haraka: unataka mama afanye nini akishasikia? Akusamehe? Alie na wewe? Au unataka tu ajue mahali, kama tunavyoonyeshana kwamba hapa ndipo palipokuwa na nyumba ya zamani? Kila moja ina namna yake ya kusemwa. Hilo la mwisho linatosha sentensi moja, “Baba alipofariki nilikuja kulia hapa,” na kunyamaza. Atakayetaka zaidi atauliza. La kuomba msamaha ni refu. Linahitaji mlango wa kufunga, na Palm House siku ya Jumamosi ina watoto wanaokimbia, na juu ndege za Heathrow zinashuka moja baada ya nyingine. Yawezekana jiko lenu la Barking, usiku, watoto wamelala, ndilo benchi lenyewe. Au yawezekana si safari hii. Ila ana miaka 71, na kusubiri nako kuna bei yake. Hesabu hiyo siwezi kukupigia.

Mumeo je? Anapokuambia habari za pauni, hajui kwamba anabishana na msiba. Sikuagizi umwambie. Nasema tu kwamba amecheka kitu ambacho hakukijua, na huwezi kumnunia kwa hilo.

Kama utapenda kuanza na jambo dogo kabla ya kuamua kubwa, nenda supamaketi, pale kwenye maua ya vyungu. Tafuta yale madogo yenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, wanayaita vayoleti za Afrika. Bei yake ni pauni chache. Asili ya maua hayo ni misitu ya huko kwenu. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu mmoja wa Hannover akayapa jina la ukoo huo, Saintpaulia. Leo yamekaa kwenye madirisha ya nusu ya bibi vizee wa Uingereza, wakiwemo bila shaka wa kazini kwako. Liweke dirishani jikoni, usiseme neno. Mama mwenye asili ya Amani, aliyekua kando ya miamba yenye kivuli na maji, atalitazama. Akiuliza umelitoa wapi, mmeshaanza. Akilipita tu, hujapoteza kitu. (Asilifunge kwenye sanduku siku ya kuondoka lakini. Mimea ina vibali vyake mipakani.)

Na babu yako kibarua, usimwache nje ya safari hii. Vitalu vya Amani alivyovimwagilia vilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na Kew ndiko ilikoratibiwa ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea yote ya Afrika Mashariki, mimea zaidi ya 12,000, iliyoanza miaka ya 1940 na kumalizika 2012, mwaka ule ule ulipokaa pale unalia. Mle Kew kuna hazina ya mimea iliyokaushwa na kubanwa kwenye karatasi, zaidi ya milioni 7, na ya Usambara imo. Chini ya kila jani pameandikwa jina la mkusanyaji. Aliyebeba mzigo mlimani, aliyejua mti uko bonde gani na unaitwaje kwa Kisambaa, mara nyingi hakuandikwa. Mtu wa aina hiyo ndiye baba yake mama yako, na mama yako ndiye anayekumbuka sauti yake.

Kesho ukitoka zamu, kabla ya kuitaja Jumamosi, muulize babu alikuwa anautamkaje mtapo kwa kile Kilatini chake. Mwache amalize, hata kama ni maneno ya nusu saa na umechoka. Daftari lisiwe mezani.

Na lolote mtakaloamua, Ijumaa jioni angalia treni. Wikiendi hufunga vipande vya reli kwa matengenezo, na kumpandisha na kumshusha mtu wa goti kwenye basi la mbadala, iwe mnakwenda Kew au Reading, kutamaliza ubishi wote mliobaki nao.